Barabara ni ya nani? Tozo ya mafuta na kilomita ya mwisho mjini

Lori linalotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, au linalotoka Dar es Salaam kwenda Kigali, hupita mamia ya kilomita za lami ambayo kwa sehemu kubwa inapitika vizuri. Matatizo huanza pale linapoingia mjini kushusha mzigo. Mtaa wa kuingilia godauni una mashimo, kibao kinasema mwisho tani 10, askari wa jiji anataka kuona kibali, na mtaro umejaa taka kiasi kwamba maji yanatembea juu ya barabara. Hapo ndipo dereva na tajiri wake wanapouliza swali ambalo limezoeleka katika kila kituo cha malori cha Afrika Mashariki: tozo tunalipa kwa kila lita ya mafuta, zinakwenda wapi?

Jibu linaanzia kwenye jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalitilii maanani. Kila barabara ina mwenyewe kisheria. Tozo ya mafuta iligawanywa kwa namna ya kufuata zaidi barabara kuu, wakati mtaa wa sokoni au wa godauni upo mikononi mwa mwingine ambaye mfuko wake ni mdogo. Mwenye mtaa huyo huyo, au jirani yake katika serikali za mitaa, ndiye mwenye uwezo wa kukuzuia usiingie, kukutoza maegesho na kukupangia saa za kushusha. Kwa hiyo anayepokea sehemu kubwa ya fedha yako hakuzuii, na anayekuzuia anapokea kidogo. Malalamiko mengi ya wasafirishaji yanapotea njiani kwa kuwa yanapelekwa kwenye ofisi isiyohusika.

Kila barabara na mwenyewe

Nchini Kenya, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa barabara za mijini na KeRRA kwa za vijijini. Miaka mitatu baadaye ikaja Katiba ya 2010. Jedwali lake la Nne liliiachia serikali kuu ujenzi na usimamizi wa barabara kuu za taifa, na likazipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, trafiki na maegesho. Lakini KURA na KeRRA hazikuvunjwa. Matokeo yake ni kwamba mjini Nairobi au Mombasa mitaa miwili inayokutana kwenye kona moja inaweza kuwa na wenyewe wawili, mmoja serikali kuu na mwingine kaunti. Kwa macho huwezi kujua, lami haina jina.

Tanzania ilichukua njia nyingine. TANROADS ilianza kazi Julai 2000 na inashughulikia barabara kuu na za mikoa, ambazo ni takriban kilomita 36,000. Barabara za wilaya na mitaa zilibaki kwa halmashauri hadi Julai 2017, zilipohamishiwa kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, iliyo chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Mtandao wa TARURA unazidi kilomita 144,000 na sehemu kubwa yake ni udongo na changarawe. Kwa Dar es Salaam maana yake ni hii: Barabara ya Mandela inayotoka bandarini, ya Nyerere na ya Morogoro ni za TANROADS. Ukikata kona kuingia mitaa ya Kariakoo, umeingia kwa TARURA.

Mabadiliko hayo ya 2017 yalikuwa na sababu ya msingi. Wahandisi walitawanyika katika halmashauri zaidi ya 180, wengine hawana hata gari la kukagulia barabara, na fedha za matengenezo zilichanganyika na mahitaji mengine. Kuwaweka chini ya wakala mmoja kulileta nidhamu ya kitaalamu. Gharama yake ni ya kisiasa. Diwani ndiye anayepigiwa kelele na wenye maduka kuhusu mashimo, lakini mhandisi wa barabara si mtumishi wa halmashauri yake tena. Halmashauri imebaki na masoko, stendi, leseni za biashara, usafi na ushuru mdogo mdogo. Mfanyabiashara anayekwenda kulalamika kwa mkurugenzi wa jiji kuhusu shimo la mtaani kwake anaweza kupoteza asubuhi nzima kabla ya kuambiwa avuke barabara aende kwa meneja wa TARURA.

Uganda nayo, jiji la Kampala lilitolewa kwenye mfumo wa kawaida wa halmashauri kwa sheria ya mwaka 2010, na mamlaka ya KCCA ikaanza kazi 2011. KCCA inasimamia takriban kilomita 2,100 za barabara za jiji, na hadi miaka ya karibuni chini ya theluthi moja ndiyo iliyokuwa na lami. Barabara kuu zinazoingia na kuzunguka jiji, ikiwemo ile ya mchepuo wa kaskazini ambayo malori ya Malaba na Busia yanaifahamu, zilikuwa za mamlaka ya taifa, UNRA. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwishoni mwa 2024 na kazi zake kurudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Wakala wa mizigo ambaye bado ana barua zenye anwani ya UNRA inabidi abadilishe anwani.

Safari ya shilingi ya lita

Chukua mfano wa lori la kontena linalokula lita 45 kwa kilomita 100 likiwa na mzigo. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, kwa hiyo litatumia lita 216. Tozo ya matengenezo ya barabara nchini Kenya ilipandishwa Julai 2024 kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Safari hiyo moja, kwenda tu, inachangia Sh5,400 kwenye mfuko wa barabara. Mwenye malori 10 yanayokwenda na kurudi mara 6 kwa mwezi anaweza kufanya hesabu yake mwenyewe, na hesabu hiyo itamtosha kwenda nayo kwenye mkutano wowote.

Kati ya Sh25 hizo, si zote zinazogawanywa kwa matengenezo ya kawaida. Sh7 zilizoongezwa mwaka 2024 ziliwekwa rehani mwaka 2025: serikali iliamua kuuza haki ya mapato yake ya baadaye ili kupata takriban Sh175 bilioni za kulipa madeni ya makandarasi wa barabara. Kwa lugha ya dukani, mauzo ya miaka ijayo yamekopewa kulipa bidhaa iliyokwisha kuliwa. Makandarasi walikuwa wanadai kweli, na miradi mingi ilikuwa imesimama, kwa hiyo uamuzi huo una mantiki yake. Ila msafirishaji ajue kwamba shilingi hizo 7 hazina nafasi ya kuziba shimo jipya kwa muda mrefu.

Sehemu ya msingi ndiyo inayofuata mgawo wa Sheria ya Bodi ya Barabara ya mwaka 1999 na marekebisho yake. Asilimia 40 huenda barabara kuu za taifa, asilimia 15 barabara za mijini kupitia KURA, na asilimia 22 hugawanywa kwa majimbo ya ubunge kupitia KeRRA, juu ya fungu jingine la barabara za vijijini. Kaunti, ambazo katiba inazitambua kama wenye barabara za kaunti, hazimo katika orodha hiyo kama mgawiwa wa kudumu. Kwa miaka kadhaa baada ya ugatuzi zilipata ruzuku ya masharti kutoka mfuko huo, kisha ikakatika. Katika mwaka wa fedha 2024/25 ugomvi ukawaka upya juu ya Sh10.5 bilioni. Magavana walisema ni haki ya kaunti, Bunge la Taifa likasema fedha zibaki kwa mamlaka za taifa, na suala likafika Mahakama Kuu.

Msimamo wa wabunge unaeleweka kwa yeyote anayejua siasa za jimbo. Asilimia 22 ni fedha anayoonekana nayo mbunge, na kilomita mbili za changarawe kabla ya uchaguzi zina thamani ambayo mchumi haiweki kwenye jedwali. Lakini kwa mfanyabiashara wa Gikomba au Kongowea athari ni moja: mtaa anaoshushia mizigo unasubiri bajeti ya kaunti, ambayo inashindana na mishahara, hospitali na vyuo vya ufundi.

Tanzania tozo ya mafuta huingia Mfuko wa Barabara pamoja na ada za magari ya kigeni yanayopita nchini na faini za kuzidisha uzito. Lori la Rwanda au Kongo linalolipa mpakani kwa kilomita linachangia mfuko huo huo. Kwa muda mrefu mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa na asilimia 30 kwa barabara za serikali za mitaa. Ukilinganisha na urefu wa mitandao, barabara nyingi mara nne zilipewa chini ya nusu ya fungu la wenzao. Watetezi wa mgawo huo walikuwa na hoja: uzito mkubwa wa mizigo upo barabara kuu, na lami ikivunjika huko nchi nzima inasimama. Mwaka 2021 Bunge liliongeza Sh100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na nyongeza hiyo ikaelekezwa TARURA. Ni moja ya maamuzi machache katika ukanda huu ambapo mlipaji wa mafuta alipandishiwa bei na fedha ikaelekezwa wazi kwenye barabara ndogo.

Itakumbukwa pia kwamba mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya leseni ya magari ya kila mwaka na badala yake ikaongeza ushuru wa bidhaa kwenye mafuta kwa Sh40 kwa lita. Wenye magari yaliyolala gereji walifurahi. Wenye malori yanayokimbia kila siku walibeba sehemu kubwa zaidi, kwa kuwa sasa unalipa kadiri unavyotembea. Kiuchumi huo ni utaratibu wa haki kuliko ule wa zamani, ingawa kwa msafirishaji haukuonekana hivyo siku ya kwanza.

Uganda ilitunga sheria ya Mfuko wa Barabara mwaka 2008, lakini fedha ziliendelea kupitia Hazina na kutolewa kama mgao wa bajeti badala ya kuingia moja kwa moja kutoka kwenye tozo. Kampala ilionyesha gharama ya utaratibu huo Aprili 2023, wakazi walipoanza kuweka mtandaoni picha za mashimo ya mitaa yao na kuyaita maonyesho. Ndani ya muda mfupi Rais Yoweri Museveni aliagiza KCCA ipewe Sh6 bilioni za Uganda kwa ajili ya kuziba mashimo. Viraka vilionekana. Lakini mtaa unaopata fedha kwa sababu umepigwa picha haufanyiwi matengenezo kwa ratiba, na lami isiyo na ratiba hurudi kuwa shimo msimu wa mvua unaofuata.

Kwa nini mwisho tani 10

Kibao cha mwisho tani 10 kinawaudhi wasafirishaji kuliko kitu kingine chochote mjini, hasa Tanzania. Tajiri anasema nimepita mizani tatu nikiwa halali, inakuwaje nashindwa kuingia mita 400 hadi kwenye godauni langu?

Mizani inapima kwa sheria ya barabara kuu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 1, 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima lenye mzigo, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi mawili kila upande. Inahusu mtandao wa barabara kuu za kikanda. Mtaa wa mjini haukujengwa kwa hesabu hiyo. Tabaka la kokoto chini ya lami yake ni jembamba, na mara nyingi chini yake kuna bomba la maji lililozikwa bila kina cha kutosha.

Uharibifu wa barabara hauendi sambamba na uzito. Majaribio makubwa yaliyofanyika karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya 1958 na 1960, ambapo malori yalizungushwa kwenye vipande vya barabara mchana na usiku hadi vikavunjika, yaliwapa wahandisi kanuni ambayo bado inatumika: uharibifu hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ikilinganishwa na ya tani 1 haiharibu mara 10, inaharibu mara 10,000 hivi. Na ukizidisha ekseli kutoka tani 10 hadi 12, ambayo ni asilimia 20 tu, uharibifu unakuwa zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana mtaa uliodumu miaka 8 ukipitisha pikapu na teksi unaweza kuisha katika msimu mmoja baada ya mtu kujenga godauni mwishoni mwake na matela kuanza kuingia.

Kwa hiyo kibao kina hoja. Kasoro iko kwingine. Halmashauri zinatoa vibali vya kujenga magodauni, zinapokea kodi ya majengo na ada za leseni, kisha mtaa wa kuingilia unawekewa kibao kinachozuia magari ambayo godauni hilo lilijengwa kuyapokea. Anayetoa kibali cha ujenzi na anayeweka kibao cha uzito ni ofisi mbili tofauti. Msafirishaji anaishia kukodi Fuso au Canter za kuhamishia mzigo nje ya mji, kulipa makuli mara mbili, na kubeba hasara ya maboksi yanayopasuka. Gharama hiyo haionekani kwenye takwimu za bandari wala za mpakani, lakini ipo kwenye bei ya sabuni dukani.

Miji iliyofikiria mapema ilijenga barabara za mchepuo. Arusha ina mchepuo wa kilomita 42.4 uliojengwa kama sehemu ya mradi wa barabara ya Arusha, Holili hadi Voi kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na malori ya Namanga hayalazimiki tena kukatiza katikati ya mji. Nairobi ina mchepuo wa kusini. Mombasa ina ule wa Dongo Kundu unaounganisha Miritini na upande wa Likoni, ambao kwa anayekwenda Lunga Lunga na Horohoro unaondoa haja ya kupanga foleni ya feri. Zote hizi ni barabara za serikali kuu zilizojengwa kwa mikopo. Hakuna kaunti wala halmashauri yenye mfuko wa kujenga mchepuo, ingawa zinafaidika nao zaidi ya wote.

Maji ya mtaa, lami ya taifa

Jangwani, Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuona jinsi wenye barabara wanavyotegemeana hata kama hawataki. Barabara ya Morogoro inapovuka bonde la Msimbazi hufungwa mara kwa mara mvua kubwa zinaponyesha. Barabara ni ya TANROADS. Mitaro ya mitaa inayomwaga maji bondeni ni ya TARURA. Taka zinazoziba mitaro hiyo ni kazi ya halmashauri kuzizoa. Kituo cha mabasi yaendayo haraka kilichojengwa hapo Jangwani kilikuwa cha wakala mwingine kabisa, na mabasi yake yalizama. Hakuna kati yao anayeweza kulimaliza tatizo peke yake, na kila mmoja ana jibu la kweli la kwa nini si kosa lake.

Ndipo mikopo ya kimataifa inapoingia. Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2015 dola milioni 300 kwa mradi wa kuboresha jiji la Dar es Salaam, unaojulikana kama DMDP, ambao ulijenga mitaa ya lami pamoja na mitaro na taa zake katika kata zilizochaguliwa, na awamu ya pili ikafuata. Kampala ilipata dola milioni 175 mwaka 2014 kwa awamu ya pili ya mradi wake wa miundombinu. Tofauti ya miradi hii na fedha za tozo inaonekana kwa macho: mtaa wa mradi una mtaro wa zege, njia ya waenda kwa miguu na taa, wakati mtaa wa pili yake una vumbi. Wafanyabiashara wengi hudhani ni upendeleo. Mara nyingi ni ramani ya mradi iliyochorwa miaka mitano kabla, wakati wa vikao vya kata ambavyo wenye maduka hawakuhudhuria kwa kuwa vilifanyika saa za biashara.

Shida ya mikopo huja baadaye. Mkopo unajenga, haufagii mtaro. Mtaro wa DMDP usiposafishwa na halmashauri unajaa mchanga kama ule wa zamani, na lami ya mkopo inaliwa na maji kama lami nyingine yoyote.

Foleni kama chanzo cha mapato

Serikali ya mtaa isiyo na sehemu ya kutosha ya tozo ya mafuta hutafuta fedha mahali pengine, na lori lililosimama ni shabaha rahisi. Miji ya mpakani inalijua hilo vizuri. Kaunti ya Busia nchini Kenya kwa miaka mingi imetegemea ada za maegesho ya malori kama moja ya vyanzo vyake muhimu. Kituo cha pamoja cha mpaka, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kililenga kupunguza muda wa lori kukaa mpakani. Muda ukipungua, msafirishaji anafurahi, na mhasibu wa kaunti anapoteza. Hapa kuna mgongano wa masilahi ambao haumo kwenye hotuba za uzinduzi: serikali kuu inalipwa kwa mzigo unaotembea, serikali ya mtaa inalipwa kwa mzigo uliosimama.

Katiba ya Kenya iliona hatari hiyo. Kifungu cha 209(5) kinakataza kaunti kutumia mamlaka yake ya kutoza kwa namna inayodhuru sera za uchumi wa taifa, shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti au uhuru wa bidhaa na huduma kusafiri nchini. Ada ya maegesho kwa gari lililoegesha kweli ni halali. Ada ya kupita tu, inayodaiwa kwenye kizuizi barabarani kwa lori lisilosimama wala kutumia huduma yoyote ya kaunti, ni jambo jingine, na wasafirishaji wana haki ya kuuliza inatozwa kwa kifungu gani.

Tanzania ilipunguza mwaka 2017 ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na kuondoa kabisa ushuru huo kwa anayesafirisha kisichozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ilikuwa nafuu kwa wachuuzi wadogo. Kwa halmashauri za vijijini lilikuwa pengo kwenye bajeti, na pengo hutafutiwa kiraka: kama si ushuru, basi ni faini ya kuegesha vibaya.

Maamuzi ya ghafla ya trafiki yana hasara yake pia. Desemba 3, 2018 kaunti ya Nairobi ilizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Maelfu walitembea kwa miguu kutoka pembezoni hadi kazini, vituo mbadala havikuwa tayari, na ndani ya siku chache agizo likasitishwa. Oktoba 2021 mkoa wa Dar es Salaam uliwaondoa wamachinga pembezoni mwa barabara na mitaa, ikiwemo Kariakoo, kuwapeleka maeneo yaliyotengwa. Wenye maduka na madereva wa kushusha mizigo wengi waliunga mkono kwa sababu njia zilifunguka. Wachuuzi waliopoteza wateja hawakuona hivyo, na baadhi walirudi taratibu. Mtaa una watumiaji wengi, na agizo lisilopanga mahali pa kila mmoja huwa linahamisha foleni kutoka kona moja kwenda nyingine.

Pa kugonga hodi

Nchini Kenya kalenda ipo kisheria, na anayeijua anawahi. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaitaka kaunti kuwasilisha waraka wa mikakati ya fedha kwenye bunge lake ifikapo Februari 28, makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30, na Mswada wa Fedha unaobeba viwango vyote vya ada na maegesho kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya bajeti. Umma lazima ushirikishwe. Ukumbi huwa na wazee wa mtaa na vijana wa vyama, mara chache huonekana chama cha wasafirishaji chenye hesabu mkononi. Baadaye, ada ikishapanda, chama hicho hicho hukodi wakili.

Kabla ya kuandika barua yoyote ni vema kupata jina na namba ya barabara. KeNHA, KURA na TANROADS wana orodha za barabara zao, na ofisi ya meneja wa TARURA wa wilaya inaweza kukuambia kama mtaa wako upo kwenye mtandao wake na kama umewekwa kwenye mpango wa matengenezo wa mwaka unaoanza Julai 1. Maombi yanayofika baada ya mwezi Machi mara nyingi yanangoja mwaka mwingine, kwa kuwa vipaumbele vimeshapelekwa juu. Kwa godauni lililo kwenye mtaa wenye kibao cha uzito, omba mambo mawili kwa pamoja: kibali cha muda cha kuingia, chenye njia na saa zilizotajwa, na mtaa huo uingizwe kwenye orodha ya kuimarishwa. Wenye magodauni kadhaa katika mtaa mmoja wakiandika barua moja yenye idadi ya malori yao kwa wiki, mhandisi anapata takwimu ambazo kwa kawaida hana fedha za kuzikusanya mwenyewe.

Na unapodaiwa ada usiyoifahamu, uliza sheria ndogo inayoiruhusu. Tanzania sheria ndogo ya halmashauri hupata nguvu baada ya kuidhinishwa na waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na tangazo lina namba. Malipo halali ya serikali hutolewa namba ya malipo unayolipia benki au kwa simu. Nakala ya tangazo na risiti hiyo vikae kwenye faili moja na karatasi za forodha, kwa sababu lori lile lile litapita pale pale wiki ijayo na zamu itakuwa ya askari mwingine.